Scrivener kwa riwaya ya Dar ya miaka ya tisini: inapobeba na inapoangusha

Mwaka ni 1998. Mhusika anashuka daladala Manzese, anakwangua vocha ya Airtel, anambipu dada yake muuza vitumbua Mbagala, kisha anarukia bodaboda. Mistari miwili, makosa matatu. Jina la Airtel lilifika Tanzania 2010. Kabla yake ilikuwa Zain kuanzia 2008, na kabla ya Zain ilikuwa Celtel, iliyoanza 2001. Vodacom yenyewe ilifungua biashara 2000. Mwenye simu ya mkononi mwaka 1998 alikuwa mtu wa ofisi au mfanyabiashara mkubwa, na dada muuza vitumbua hakuwa na kitu cha kubipiwa. Bodaboda nazo zilienea Dar miaka mingi baadaye.

Makosa ya namna hii huandikwa na watu waliokuwapo. Aliyezaliwa 1982 haendi kutafuta Dar ya 1998 ilikuwaje, anaamini anayo kichwani. Na kichwa hukunja miaka kumi ikawa kama likizo moja ndefu. Ndiyo maana riwaya ya ujanani inataka chombo cha kushika tarehe kabla ya chombo cha kuandikia.

Scrivener ni programu ya kuandikia vitabu ya kampuni ya Kiingereza, Literature & Latte, iliyopo sokoni tangu 2007. Wengi huisifia kwa ukurasa wake mtulivu, jambo ambalo hata programu ya bure hukupa. Hapa inapimwa kwa kazi moja tu: riwaya inayotokea Dar es Salaam kati ya 1995 na 2003, kwa Kiswahili, kwenye laptopu ya kawaida ya Windows, mwandishi akiwa na simu ya Android mfukoni. Katika kulinda tarehe inafanya kazi kuliko kitu kingine chochote cha bei yake. Kwenye simu haifai. Na kwa Kiswahili inataka kufundishwa adabu kwanza.

Kushoto mwa skrini kuna Binder, yaani orodha ya vipande vyote vya kitabu. Kila onyesho la riwaya linakaa kama waraka wake, na maonyesho yanaingia ndani ya folda za sura. Unalikamata onyesho kwa kipanya na kulihamisha kutoka sura ya 3 kwenda sura ya 9 bila kukata na kubandika. Hilo tu kwa riwaya ya kumbukumbu ni msaada, maana kumbukumbu haziji kwa mpangilio wa miaka. Lakini kiini cha mapitio haya kipo kwenye kitu kinachoitwa Custom Metadata, ambacho watumiaji wengi hawakifungui hata mara moja.

Nenda Project, kisha Project Settings, utaikuta pale. Inakuruhusu kutunga safu zako mwenyewe ambazo kila onyesho litajaziwa. Zinazotosha ni tano: Tarehe, Siku, Pesa, Mawasiliano, Ushahidi. Zaidi ya hapo utaacha kujaza ukifika onyesho la kumi. Safu ya Tarehe ina mtego: programu ina aina maalumu ya safu ya tarehe yenye kalenda, na mkono utavutwa kuichagua. Chagua aina ya maandishi ya kawaida, uandike mwaka kwanza: 1998-08-07. Ukiandika hivyo, ukibofya kichwa cha safu kwenye mwonekano wa Outliner, yaani jedwali la maonyesho na safu zake, maonyesho hujipanga kwa mfuatano wa kweli, na pale usipojua siku unaweza kuandika 1998-08 tu bila programu kukulazimisha kutaja siku ya uongo.

Maonyesho yakiwa ndani ya folda za sura, upangaji hufanyika ndani ya kila folda peke yake, hivyo sura ya 2 na sura ya 7 hazichanganyiki. Ili upate orodha moja ya riwaya nzima, tafuta kwa kutumia kisanduku cha utafutaji cha mradi, ukibana utafutaji kwenye safu ya Tarehe, na uhifadhi matokeo kama Collection. Orodha hiyo hujisasisha kila unapoongeza onyesho. Ifungue kwenye Outliner na utaona kitabu chako kilivyokaa kwenye kalenda, si kilivyokaa kwenye sura.

Hapo ndipo mambo huanza kufichuka. Chukua onyesho la mfano: mlipuko wa ubalozi wa Marekani, Barabara ya Laibon, Oysterbay. Tarehe 1998-08-07, siku Ijumaa, asubuhi kabla ya saa tano. Sasa jaza safu ya Mawasiliano: mhusika aliyeko Kariakoo anapataje habari? Ukilazimika kuandika kitu kwenye kisanduku hicho unajiuliza upya. Redio ipo: Radio Tanzania, Radio One. Televisheni ipo, kwa kuwa ITV ilianza 1994, ila ni nani kwenye mtaa wake ana seti, na ina umeme saa hiyo? Ni Ijumaa, hivyo muda si mrefu baadaye wanaume watakuwa wanaelekea msikitini, na habari itasambaa pale kabla ya gazeti. Gazeti lenye picha litatoka kesho yake, Jumamosi. Safu moja tupu imekupa onyesho zima, na imekuzuia kuandika "akapokea ujumbe kwenye simu".

Safu ya Siku inaonekana ya kipuuzi mpaka itakapokuokoa. MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996, Jumanne. Mwalimu Nyerere alifariki London 14 Oktoba 1999, Alhamisi, akazikwa Butiama 23 Oktoba. Uchaguzi mkuu wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi ulikuwa Jumapili, 29 Oktoba 1995, ila Dar es Salaam ulivurugika ukarudiwa Novemba, jambo ambalo mwandishi wa Dar akilisahau atachekwa na msomaji wa kwanza atakayekutana naye Magomeni. Mhusika wako akivaa sare za shule siku ya Jumapili, safu itakupigia kelele. Kumbukumbu yako haitakwambia.

Ramadhani iingie hapo hapo kwenye Siku. Kalenda ya Kiislamu hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kawaida, na kuanzia 1997 hadi 2000 mfungo ulianguka kati ya Novemba na mwanzoni mwa Februari. Ukiandika futari ya Agosti 1997, uji wa pilipili manga na tende, kila kitu kizuri isipokuwa mwezi. Na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo mfungo uligongana na Krismasi au likizo ya shule au vyote viwili, kitu ambacho kwa mwandishi wa vijana wa Kariakoo ni dhahabu.

Safu ya Pesa ijazwe kwa alichoshika mhusika mkononi, pamoja na bei. Noti ya 2,000 yenye simba ni ya toleo la 2003, pamoja na ile ya 5,000 yenye faru na ya 10,000 yenye tembo. Mhusika wa 1999 asitoe "simba" mfukoni. Kutuma pesa kijijini kabla ya 2008, mwaka M-Pesa ilipoingia Tanzania, ni bahasha kwa kondakta wa basi, hundi ya posta, au jirani anayesafiri. Nauli na bei za unga msizitoe kichwani kamwe. Hizo ndizo ambazo kila msomaji ana yake na kila mmoja atabisha. Zitafutwe gazetini, na mpaka zipatikane ziachwe kwenye alama ya pembeni inayoitwa annotation: maandishi ya rangi ndani ya ukurasa ambayo unaweza kuagiza yaondolewe kitabu kikitolewa. Andika "nauli?" uendelee mbele. Ukisimama kutafuta nauli, onyesho litapoa.

Kwa safu ya Ushahidi ongeza rangi. Lebo tatu zinatosha: nyekundu kwa kilichotoka kichwani tu, njano kwa kilichothibitishwa na mtu mmoja mwingine aliyekuwapo, kijani kwa kilichoonekana kwenye gazeti, picha yenye tarehe au risiti. Kwenye menyu ya View unaweza kuagiza rangi ya lebo ionekane kwenye Binder. Rasimu ya kwanza ya riwaya ya aina hii huwa nyekundu kutoka juu hadi chini, na hilo halina ubaya. Ubaya ni kuipeleka kwa mhariri ikiwa bado nyekundu kwenye maonyesho yenye tarehe za taifa. Onyesho la busu nyuma ya jengo la shule libaki jekundu milele, hakuna wa kubisha.

Kijani hupatikana kwa miguu. Maktaba Kuu iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sehemu ya East Africana, ndizo sehemu za kuanzia kwa magazeti ya zamani. Ukiruhusiwa kupiga picha, weka kikaratasi chenye jina la gazeti, tarehe na ukurasa kando ya habari kabla ya kubonyeza. Picha ya habari bila tarehe ni takataka ukifika nyumbani. Piga na matangazo ya biashara, kwa sababu bei za friji, nambari za simu zenye tarakimu chache na majina ya kumbi za dansi yapo huko kuliko kwenye habari za mbele.

Picha hizo zinaingia kwenye folda ya Research ya Scrivener, na skrini inagawanyika mara mbili: gazeti juu, onyesho chini. Inafanya kazi vizuri ajabu. Tatizo ni uzito. Picha ya simu ya siku hizi hufika MB 4 kwa urahisi. Picha 200 ni karibu MB 800, na kwa kuwa programu hutengeneza nakala ya akiba ya mradi mzima kila unapoufunga, utajikuta unasubiri dakika kadhaa laptopu ikikoroma kabla ya kulala. Punguza kila picha iwe na upana wa pikseli 1,200 hivi kabla ya kuiingiza. Maandishi ya gazeti bado yatasomeka na uzito utashuka sana. Njia nyingine ni kuacha picha kwenye folda ya kawaida na kuziunganisha kama njia ya mkato badala ya kuziingiza ndani, ila ukihamisha folda hiyo viungo vinakatika.

Sasa Kiswahili. Programu inaanza ikiamini unaandika Kiingereza, na ukurasa wa kwanza utajaa mistari myekundu kama daftari la mwanafunzi aliyekosana na mwalimu. Fungua File, Options, sehemu ya Corrections, uzime ukaguzi wa tahajia wakati wa kuandika, na hasa urekebishaji wa moja kwa moja. Huo wa pili ndio hatari, kwa sababu hauchori mstari, unabadilisha neno kimyakimya. Ukaguzi wa tahajia ufanyike mwishoni kwenye LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia inayofanana na Word, ambayo ina kamusi ya Kiswahili ya kupakua bure. Hukwama kwenye vitenzi virefu na kwenye lugha ya vijiweni, lakini herufi zilizorukwa inazikamata.

Malengo ya maneno nayo yanapotosha. Ushauri mwingi wa mtandaoni unasema riwaya ni maneno 80,000. Huo ni wa Kiingereza. Kiswahili kinabeba kwenye neno "nilipomwambia" kile ambacho Kiingereza hutumia maneno manne, kwa hiyo maneno 80,000 ya Kiswahili ni kitabu kinene kuliko unavyodhani, na mchapishaji atakiangalia kwa jicho la gharama ya karatasi. Scrivener inaruhusu lengo lihesabiwe kwa herufi badala ya maneno. Badilisha.

Templeti za wahusika zinazokuja nayo zina maswali ya Kiingereza na ni za kufuta.

Snapshots, kwa upande mwingine, ni za kutumia kila siku. Kabla ya kuandika upya onyesho, piga Snapshot. Toleo la zamani linabaki chini yake na unaweza kulinganisha. Kwa riwaya ya ujanani hii ina kazi ya ziada: toleo la kwanza, lililoandikwa kabla ya kutafuta ushahidi, mara nyingi lina lugha ya mtaani iliyo hai kuliko la pili lililosahihishwa. Unachukua tarehe za la pili na mdomo wa la kwanza.

Simu ndiyo sehemu ya aibu. Kuna toleo la iPhone na iPad, la Android hakuna. Wengi wa waandishi wa hapa wako Android. Kuna njia ya kuzunguka: kipengele cha kulandanisha na folda ya nje, kilichopo kwenye menyu ya File chini ya Sync, ambacho hutoa kila onyesho kama faili la maandishi matupu. Ukiweka folda hiyo Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, unaweza kufungua onyesho kwenye simu ukiwa kwenye foleni ya Ubungo, ukaandika, na jioni laptopu ikavuta mabadiliko. Inafanya kazi, kwa masharti: maandishi matupu hupoteza mlazo na rangi, na usiguse onyesho lile lile kwenye simu na laptopu kabla ya kulandanisha.

Kosa linaloua miradi ni kuweka mradi wenyewe kwenye Google Drive. Mradi wa Scrivener si faili moja kama wa Word. Ni folda yenye mamia ya vifaili vidogo vinavyoandikwa upya kila unapopumzika sekunde mbili. Google Drive ikilandanisha nusu, kisha intaneti ikakatika, unabaki na kitabu chenye matundu. Kampuni yenyewe inatahadharisha kuhusu hilo. Dropbox ni salama zaidi, ilimradi usubiri imalize kabla ya kufunga laptopu, na usifungue mradi kwenye kompyuta mbili kwa wakati mmoja.

Umeme ukikatika hupotezi zaidi ya sentensi, kutokana na hizo sekunde mbili. Kinachopoteza watu ni wizi na diski kufa. Nakala za akiba zinazotengenezwa zenyewe hukaa, usipobadilisha, kwenye diski ile ile ya laptopu. Laptopu ikiibiwa zinaibiwa nazo. Kwenye Options, sehemu ya Backup, elekeza folda ya akiba Dropbox au kwenye fleshi, tiki kisanduku cha kuzibana kuwa ZIP, na ongeza idadi ya nakala zinazohifadhiwa hadi 25. Kwa nakala ya ZIP hata Google Drive inafaa, kwa kuwa hapo ni faili moja lisiloguswa tena.

Kutoa kitabu, yaani Compile, ndiko watu hukata tamaa. Mara ya kwanza vichwa vya maonyesho vitatokea kama vichwa vya sura, au sura hazitakuwa na vichwa kabisa. Chanzo ni kimoja: hujaiambia programu kipi ni sura na kipi ni onyesho. Kwenye dirisha la Compile bofya Assign Section Layouts, folda uzipe mpangilio wenye kichwa, maonyesho uyape mpangilio usio na kichwa. Baadaye utakuta kitabu chako cha Kiswahili kinaanza na "Chapter One". Hariri mpangilio, tafuta kichwa cha awali chenye alama <$t>, futa yote, andika: Sura ya <$n>. Itatoka Sura ya 1, Sura ya 2. Ukitaka Sura ya Kwanza kwa maneno, njia rahisi ni kuandika mwenyewe kwenye jina la kila folda na kufuta kichwa cha awali.

Je, kazi hii yote haifanyiki kwenye kaunta buku? Inafanyika, na wengine waifanye hivyo. Kaunta buku kwaya tatu, kurasa mbili zinazotazamana kwa kila mwezi wa riwaya, kushoto kilichotokea nchini, kulia kinachotokea kwa wahusika, na hati yenyewe kwenye LibreOffice. Kwa riwaya ya mwaka mmoja yenye maonyesho chini ya 30, hiyo inashinda Scrivener kwa bei, na kalenda yako haitegemei umeme. Inashindwa pale unapoamua, ukiwa sura ya 11, kwamba hadithi ianze 1996 badala ya 1998. Kwenye kaunta buku ni kuanza upya. Kwenye Scrivener ni kupitia safu tano, onyesho kwa onyesho, ukiwa na orodha ya yote yaliyovunjika mbele ya macho.

Bei ni karibu dola 60, unalipa mara moja, hakuna ada ya mwezi. Leseni ya Windows haifungui toleo la Mac, lakini leseni moja inatumika kwenye kompyuta zako zote za nyumbani za aina hiyo. Unaweza kulipa kwa kadi. Kabla ya kulipa kuna siku 30 za majaribio, na ni siku za matumizi, si za kalenda: ukifungua Jumamosi na Jumapili tu, zinakaa wiki 15, muda wa kutosha kuandika rasimu ya nusu ya kitabu. Zikiisha na hujaamua, ingia ndani ya folda ya mradi, fungua Files, kisha Data. Kila onyesho liko pale kwenye kifolda chake likiwa na jina content.rtf, na LibreOffice inalisoma bila kuomba ruhusa ya mtu.